Santiemi tatu: namba ndogo inayoamua nani analaumiwa

Unywele mmoja wa kichwa cha mtu una unene wa santiemi tano mpaka kumi. Santiemi, kwa wale ambao hawajaingia kwenye atelie, ni milimita moja ukiikata vipande mia: kimoja njo santiemi. Jicho haliwezi kuona tofauti ya santiemi tatu. Kidole nacho hakisikii kitu. Lakini kwenye pompi inayotoa maji chini ya mine, kwenye breki ya kaji inayoshusha watu, kwenye gudurumu la lori kubwa la karieri, santiemi tatu zinatosha kutenganisha piesi nzuri na piesi itakayoharibika.

Bandugu wafanyakazi, na nyinyi bamama mnaosoma gazeti hili nyumbani, msiseme haya ni mambo ya baenjenieri. Mashini ikivunjika, swali la kwanza linaloulizwa ni: nani alikuwa anaitumikisha? Mara chache tunasikia maswali mengine matatu: nani alipima ile piesi mbele haijafungwa, aliipima na kipimo gani, na namba aliyoipata imeandikwa wapi? Mimi ni delege wa sindika, si enjenieri. Lakini miaka yote hii nimeona kama mfanyakazi asiyejua maswali hayo anabeba makosa ya wengine mgongoni.

Namba mbili, si moja

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Pompi kubwa iko na akse, ile fimbo nene ya chuma inayozunguka katikati. Akse inakaa ndani ya rulema mbili. Tuseme fasi ya kukaa rulema ni ya milimita 90. Mtu wa nje atafikiri: basi turneri akate 90, kazi imeisha.

Hapana. Hakuna turneri duniani anayeweza kukata 90 kamili. Kila mashini ya kukata chuma inakosea kidogo: kisu kinalika, chuma kinapinda, mkono unatetemeka. Kwa hiyo plani haitoi namba moja, inatoa mbili: ya chini na ya juu. Katikati ya hizo mbili piesi ni nzuri, inje yake ni mbaya. Ile nafasi ndogo njo inaitwa toleransi. Kwa akse ya 90 inayobeba rulema, plani nyingi zinaandika k6. Maana yake ni kwamba akse isipungue 90,003 na isizidi 90,025. Hesabu vizuri: nafasi yote aliyopewa turneri ni santiemi mbili na kidogo. Ni chini ya nusu ya unywele.

Kwa nini akse iwe kubwa kuliko 90? Kwa sababu tundu la rulema lenyewe linatengenezwa kati ya 89,980 na 90,000. Akse inapaswa kuwa kubwa kidogo kuliko tundu, ili rulema iingie kwa kukaza na kushika. Ile ringi ya ndani lazima izunguke pamoja na akse, kama pete iliyobana kidole. Akse ikiwa ndogo kuliko tundu, ringi inaanza kuteleza juu ya akse. Chuma kinasugua chuma, moto unapanda, grisi inaungua, pompi inaanza kulia. Ukiongeza grisi, unaongeza kitu cha kuungua tu.

Vipimo viwili ambavyo kila mtu anaviona, na wachache wanavijua

Kwenye atelie zetu kuna vipimo viwili vinavyotembea mikononi kila siku. Cha kwanza ni pie-a-kulisi, ile rula ya chuma yenye taya mbili, moja imekaa na moja inateleza. Mistari yake midogo ya kusomea sehemu za milimita ilitolewa na Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631. Pie-a-kulisi nzuri inasoma mpaka santiemi mbili. Ni kipimo cha haraka, cha kuzunguka nacho mfukoni mwa salopeti.

Cha pili ni palmeri. Jina lake ni la mtu: Jean-Laurent Palmer, Mfaransa pia, aliyechukua haki ya uvumbuzi wake mwaka 1848. Palmeri inapima kwa skrubu. Ukizungusha ngoma yake mara moja kamili, skrubu inasogea nusu ya milimita. Ngoma imegawanywa mistari 50. Basi mstari mmoja ni santiemi moja. Kuna zile zinazoonyesha hata sehemu ya kumi ya santiemi. Ni hesabu ya shule ya msingi. Mtoto wa primere ya sita anaweza kujifunza kuisoma kwa siku moja.

Sasa rudi kwenye akse yetu. Toleransi yake yote ni santiemi mbili. Pie-a-kulisi inasoma mpaka santiemi mbili. Unaona shida? Ni kama kupima kikombe cha mafuta kwa ndoo. Kipimo kinapaswa kuwa kidogo sana kuliko kosa unalolitafuta. Mafundi wengi wanashika kanuni ya kumi kwa moja: ukitafuta santiemi mbili, chukua kipimo kinachoona sehemu ya kumi ya hizo mbili. Kwa akse ya rulema, pie-a-kulisi si shahidi anayeaminika.

Rulema tatu ndani ya mwezi mmoja

Nieleze jambo nililolifuata mwenyewe kama delege. Kampuni sitaitaja.

Kwenye pompi moja, rulema ya upande wa motere ilikufa. Wakaweka mpya, ikakufa tena kisha siku kumi. Wakaweka ya tatu, nayo ikaungua. Shefu wa ekipi akamwita papa mmoja mwenye kulinda pompi, mtu wa miaka zaidi ya hamsini, akamwambia mbele ya watu: «Hizi rulema zinakufa juu ya wewe hautiake grisi.» Kesho yake papa yule akapata karatasi ya mizapie, siku nane bila mshahara, na ya kumwonya kwamba mara ingine atafukuzwa.

Alikuja kwangu jioni. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu: «Mwana, grisi minatia. Ile pompi ilianza kulia tangu siku banabadirisha akse.»

Njo hapo tukapata mlango. Akse ilikuwa mpya, ilikatwa kwenye atelie wiki moja mbele ya rulema ya kwanza kufa. Tukaomba fishi ya kontroli ya ile akse, karatasi inayosema nani aliipima na alipata ngapi. Fishi haikuwako. Turneri, kijana mwenye bidii, alisema aliipima na ilikuwa vizuri. Aliipima saa ngapi? Ikingali kwenye mashini, saa tisa ya mchana, kwa sababu walikuwa wanamsukuma atoe kazi haraka. Na kipimo gani? Pie-a-kulisi.

Chuma cha moto kinadanganya

Hapa kuna jambo ambalo kila familia yenye mtu wa atelie inapaswa kulijua. Chuma kikipata moto kinapanuka. Fimbo ya chuma ya metre moja, ukiiongezea digri moja ya joto, inarefuka zaidi ya santiemi moja. Ni kidogo, lakini hesabu inapanda haraka. Kwa sababu hiyo vipimo vya piesi duniani kote vinahesabiwa kwa joto la digri 20. Makubaliano hayo ya kimataifa yapo tangu 1931. Plani ikisema 90,003, maana yake ni 90,003 chuma kikiwa na digri 20.

Piesi inayotoka kwenye mashini ya kukata inaweza kuwa na digri 50. Ni digri 30 zaidi. Kwa akse ya 90, digri 30 zinaleta santiemi tatu za uongo. Unasoma 90,00 unafurahi, kesho asubuhi ile akse iko 89,97. Haikubadilika kwa uchawi. Imepoa tu.

Tukaomba akse itolewe, isafishwe, ilale usiku mzima kwenye meza ya atelie pamoja na palmeri. Kwa nini pamoja? Kwa sababu huku kwetu, hasa mwezi wa kumi, ni vigumu kupata chumba cha digri 20. Lakini piesi na kipimo vyote ni chuma. Vikilala fasi moja vinapata joto moja, vinapanuka sawasawa, na namba inakaa karibu na kweli.

Asubuhi saa moja tukakutana: mtu wa kampuni, turneri, papa wa pompi, na mimi. Kwanza tukapima palmeri yenyewe kwa kipande chake cha etalo, kile kifimbo kinachokuja ndani ya kisanduku, kuona kama sifuri yake ni sifuri. Kisha tukapima akse fasi tatu, mwanzo, katikati na mwisho wa kikao cha rulema. Tukaizungusha robo, tukapima tena fasi zilezile tatu. Namba sita. Zote zilicheza karibu na 89,97. Plani ilitaka zaidi ya 90. Ringi ilikuwa inateleza juu ya akse tangu siku ya kwanza.

Siku nane za papa zilirudishwa kwenye mshahara. Turneri naye hatukukubali aazibiwe, sababu hakupewa muda wa kuacha piesi ipoe, na palmeri ya 75 mpaka 100 ilikuwa imefungwa kabatini, ufunguo uko na mtu aliyekwenda konje. Kosa halikuwa la mtu mmoja. Kosa lilikuwa kazi iliyopangwa bila kontroli.

Kama unafikiri pompi moja ni jambo dogo, kumbuka Kipushi. Mwaka 2011 pompi za chini zilishindwa, maji yakapanda na kufunika sehemu kubwa ya mine. Ilichukua miaka kuyatoa. Sisemi kwamba kule tatizo lilikuwa kipimo cha akse. Ninasema kwamba kwenye mine zetu zenye maji, pompi ikikufa, kazi ya watu wote inakufa nayo.

Palmeri haioni ufa

Kuna hatari nyingine, na hii inaua. Piesi inaweza kuwa na vipimo vyote vizuri, santiemi kwa santiemi, na ndani yake kuna ufa. Chuma kinachopindwa na kurudishwa mara elfu nyingi kinachoka. Ufa unaanza mdogo, kwenye kona ya ndani au kwenye mkwaruzo wa kisu, kisha unatembea polepole ndani ya chuma, miezi, hata miaka. Siku moja chuma kilichobaki kizima hakitoshi kubeba uzito. Piesi inakatika kwa mara moja.

Wachimbaji wa Uingereza wanakumbuka tarehe 30 ya mwezi wa saba 1973, kwenye mine ya makaa ya Markham, jimbo la Derbyshire. Watu 29 walikuwa ndani ya kaji wanashuka kuanza kazi ya asubuhi. Mwenye kuongoza mashini ya kaji alivuta breki ili apunguze mwendo. Breki haikushika. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha kwa hatari. Haikusaidia kitu. Kaji ilijipiga chini ya shimo. Watu 18 walikufa, 11 waliumia vibaya.

Walipofungua mashini waliona nini? Fimbo moja ya chuma ya breki, nene kama sentimetre 5, ilikuwa imekatika. Kiungo kilichopaswa kucheza kwa ulaini kilikuwa kimekaza kwa kukosa mafuta. Kila mara breki ilipotumika, fimbo ilipindwa kidogo, wakati ilitengenezwa kwa kuvutwa, si kwa kupindwa. Ufa ulikuwa umekula chuma kwa muda mrefu. Mwenye kuongoza mashini alifanya kila kitu alichopaswa kufanya. Kama hakuna mtu angeangalia ile fimbo iliyokatika kwa makini, jina la nani lingebeba wale wafu 18?

Kisha pale, uchunguzi ulisisitiza kwamba piesi zinazobeba maisha ya watu zipimwe kwa njia za kuona ndani ya chuma bila kukikata. Njia moja hata atelie ndogo inaweza kuifanya, inaitwa resuaji. Unasafisha piesi mpaka hakuna grisi. Unapaka maji mekundu maalum, unangoja dakika kumi au zaidi ili yaingie kwenye nyufa. Unafuta juu yote, pasafi. Kisha unapulizia unga mweupe. Kama kuna ufa, ule wekundu unatoka tena na kuchora mstari juu ya weupe, kama damu kwenye bandeji. Lakini resuaji inaona ufa uliofika juu tu. Kwa ule uliojificha ndani ya akse nene wanatumia ultrasoni, ile mashini ya mlio usiosikika, ndugu ya ile bamama wenye mimba wanayopimwa hospitalini.

Tudai nini

Kodi ya kazi ya nchi yetu, sheria ya 16 oktoba 2002, inaweka komite ya usalama na usafi wa fasi ya kazi ndani ya kampuni. Wafanyakazi wana watu wao mule. Mara nyingi kwenye komite hiyo tunazungumza juu ya kasiki, maboti na maziwa. Ni vizuri. Lakini hapo njo fasi ya kuleta pia swali la piesi.

Mambo manne hayagharimu pesa nyingi. Moja: piesi yoyote ya pompi, ya breki au ya kuinua watu isifungwe bila fishi ya kontroli, yenye namba zilizopimwa, jina la kipimo, saa, na sahihi ya aliyepima. Asiwe yuleyule aliyekata piesi. Mbili: piesi iachwe ipoe mbele ya kupimwa, na muda huo uhesabiwe kuwa kazi, si uvivu. Tatu: vipimo vyenyewe vipelekwe kupimwa kwa tarehe inayojulikana. Palmeri iliyoanguka kwenye sima ni mwongo mwenye sura ya mzee wa heshima. Nne: mashini ikiharibika, piesi iliyovunjika iwekwe kando, isitupwe kwenye mitrai, mpaka delege aione. Ile mitrai njo ushahidi wetu.

Na bandugu bakrezeri wenye treye za kuchomelea mitaani, msiseme hayo ni ya makampuni tu. Ile pini inayobeba kamba inalika kila siku. Hamna palmeri? Nendeni kwa ajusteri, mwambieni awakatie kipande cha bati nene chenye pengo la upana ule mdogo kabisa ambao pini haipaswi kupita. Kila asubuhi safisha pini, jaribu kuiingiza kwenye pengo, upande huu na upande ule. Ikikataa kuingia, pini ingali na mwili wake. Ikiingia, imelika: itoeni, hapana kuigeuza upande mwingine na kusema itafika siku ya posho. Kwenye atelie kubwa njia hii iko vilevile, inaitwa kalibri, «inaingia, haingii». Haihitaji kujua kusoma.

Kwenu bamama: mtu akiumia kazini, faili yake inakwenda CNSS na karatasi inayoeleza ajali ilitokea namna gani. Mule ndani neno «kosa la mfanyakazi» linaandikwa kwa dakika moja, na linaweza kuifuata familia miaka mingi. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Mwite delege. Ulizeni piesi iko wapi. Ulizeni ilipimwa lini.

Vijana wetu wanaotafuta kazi kwenye INPP wote wanataka kuendesha mashini kubwa. Ninawaelewa, mashini kubwa ina sifa. Lakini yule anayekaa kimya kwenye meza safi na palmeri mkononi, anayeweza kumwambia mukubwa «hii piesi haitoki hapa, imepungua santiemi tatu», analinda ekipi nzima. Kazi yetu ya sindika ni kuhakikisha siku atakayosema vile, hakuna atakayemnyamazisha.